Mlango Ambao Baba Haingii

Baba akifika kwa Bibi hapigi hodi, anakohoa. Anasimama nje ya ua wa minyaa, anakohoa mara moja, kikohozi cha mtu asiyeumwa, halafu anasubiri. Bibi akikisikia anavuta kanga kichwani, anaacha alichokuwa anafanya na kwenda jikoni, ile nyumba ndogo ya nyuma. Mlango wa jikoni ukishafungwa ndipo Baba anaingia uani.

Nimekua nikiona hivyo, kwa hiyo sikuwahi kushangaa. Wenzangu wa bweni ndio walionishangaza waliposema ni ajabu. Baba ni Mmasai wa upande wa Loliondo, kwao si mbali na Samunge, na kwao mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Bibi ni Mwiraqw wa hapahapa Qurus, na alipoambiwa siku ya posa kwamba mkwe anayekuja ana mwiko huo, aliushika kuliko Wamasai wenyewe. Mama anasema hata picha ya harusi Bibi anaitazama upande wa bibi harusi tu, ule mwingine anauziba na kidole.

Kwa hiyo Baba ambaye kazi yake ni kutengeneza milango, vitanda na mabomba ya loji moja kule juu kuelekea geti la Ngorongoro, hajawahi kuingia ndani ya nyumba ya Bibi. Hata sebuleni. Tukienda kumtembelea, yeye anakaa kwenye kigoda kando ya ghala la mahindi, mimi nampelekea chakula. Akimaliza anasema, "Mwambie bibi yako nimeshiba." Naenda namwambia. Bibi anasema, "Mwambie baba yako sahani bado ina nyama." Narudi namwambia. Wote wawili wanasikiana, maana ua wenyewe mdogo, lakini ni kama hawajasikia mpaka mimi niseme.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, linanikwama hapa kooni mpaka mwalimu anamwita mwingine. Ndiyo maana naandika. Lakini kwa Bibi sina pa kujificha, nikinyamaza watu wazima wawili wanabaki hivyohivyo kama redio iliyoishiwa betri.

Mwaka huu mambo yalianzia kwenye kitasa.

Nyumba ya Bibi ni ya matofali ya kuchoma, aliijenga Babu zamani, kabla Mama hajazaliwa. Milango ni mizito, ya mbao nzuri, ila vitasa vyake ni vile vya kishikio cha mviringo, kinachojaa mkononi kama kitunguu. Miaka yote hiyo ya kushikwa imevilainisha hadi vinateleza, na ndani vimelika. Unazungusha, kinazunguka, ulimi wa chuma hautoki kwenye fremu. Sisi wengine tulishazoea: unakivuta kidogo kwako, unakiinua, halafu unazungusha. Mlango wa chumbani ndio ulikuwa mbaya zaidi. Na Bibi vidole vyake vimevimba kwenye viungo, havikunji tena. Kikombe anakishika kwa viganja viwili. Ng'ombe wake, jirani ndiye anayemkamulia, wanagawana maziwa.

Mwezi wa sita huku ni baridi na upepo. Asubuhi moja Bibi aliingia chumbani kubadilisha nguo, upepo ukaupiga mlango. Akazungusha kishikio, kikazunguka bure. Akajaribu na kujaribu mpaka mikono ikakataa. Dirisha lipo, lakini liko juu na yeye ni mtu mzima. Hakupiga kelele. Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kuita watu kwa ajili ya mlango wake mwenyewe, kwa hiyo aliimba. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti, moja baada ya nyingine, akitegemea kuna mtu atajiuliza mbona leo ibada ni ndefu. Jirani alipokuja kuchukua maziwa yake jua likiwa limeshapanda sana, akasikia wimbo unatoka chumbani na sauti imekauka. Akaja na panga, akaubanduabandua mlango mpaka ukaachia.

Huyo jirani ndiye aliyempigia simu Mjomba, kaka yake Mama anayekaa Arusha. Shule ilifungwa wiki hiyohiyo, Mama akanituma nikakae na Bibi kwa sababu yeye ana mtoto mchanga. Mjomba alipopiga, mimi ndiye niliyeshika simu, nikaiweka sauti ya nje.

"Mama, Jumapili nakuja na gari," Mjomba alisema. "Nikikuta mlango hata mmoja hapo ambao huwezi kuufungua kwa mkono wako mwenyewe, tunaondoka wote."

"Kwenda wapi?"

"Kwangu. Chumba kipo, kizuri, kina choo ndani."

"Dirisha lake linaangalia nini?"

"Ukuta wa jirani."

"Basi umeshajibu."

"Sijajibu, Mama. Je, siku hiyo jirani asingekuja? Jumapili."

Simu ikakatika. Bibi alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Kutoka pale unaona mashamba ya ngano yaliyovunwa, udongo mwekundu, halafu msitu wa Ngorongoro umelala juu kabisa na mawingu yake. Babu amezikwa nyuma ya ghala. Bibi aliangalia huko kwa muda, kisha akaniambia twende tukampe ndama maji. Chakula cha jioni hakukigusa, alisema anakiachia kesho.

Nilichukua simu yake nikaenda nyuma ya banda, nikamwandikia Baba meseji. Kupiga nisingeweza, ningelia. Nikaeleza yote, kishikio, nyimbo, Jumapili. Jibu lilikuja fupi kama kawaida yake: "Jumamosi sina zamu. Pima unene wa milango."

Jumamosi tulikisikia kikohozi ukungu haujaisha. Bibi akaingia jikoni. Baba akaingia uani na pikipiki, amevaa ovaroli yake ya kazini, nyuma amefunga mfuko wa salfeti unaogongana ndani kwa ndani. Kule loji walikuwa wamebadilisha vitasa vyote wakaweka vya kadi, vya zamani wakawaambia wafanyakazi wajichukulie. Baba alimimina vyake juu ya gunia. Vilikuwa vizuri kweli, vya rangi ya fedha, vyenye mkono mrefu wa kubonyeza chini. Huhitaji kukunja kidole, hata mgongo wa mkono unatosha.

"Muulize bibi yako," Baba alisema, "mkono gani unamuuma zaidi."

Nikaenda kwenye mlango wa jikoni. "Bibi, mkono gani unauma zaidi?"

"Wa kulia. Ila sauti, dasi, hata kuku hawajakusikia." Dasi ni msichana kwa Kiiraqw. Akiniita hivyo najua ananitania.

"Wa kulia," nikamwambia Baba.

"Nimesikia... ehe, nimekuelewa," alisema, akainamisha kichwa kwenye vitasa vyake.

Halafu aliuliza kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Alisema, "Mwambie asimame mbele ya mlango wa chumbani, mikono ikining'inia. Wewe chukua mkaa, weka alama kiwiko chake kinapofika. Halafu abebe sufuria, weka alama nyingine."

Basi alienda nyuma ya ghala ili Bibi apite. Bibi akasimama mbele ya mlango wake wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, mimi nikachora. Akabeba sufuria tupu, nikachora tena. "Baba yako anataka kunishonea gauni?" aliuliza. Nilipompelekea Baba majibu, alama ya kwanza, alama ya pili, alisema vizuri, vitasa vyote vitashuka chini. Babu alikuwa mrefu, alivipandisha kwa kimo chake, na Bibi maisha yake yote ya ndoa alikuwa anafungua milango kwa mkono ulioinuliwa. Watoto wake wamelala mle ndani miaka na miaka hawakuliona hilo. Mimi pia sikuliona. Aliyeliona ni mtu asiyeruhusiwa kumtazama.

Kazi ilikwenda hivi. Chumbani Baba hawezi kuingia, haingii, hakuna mjadala. Kwa hiyo mimi nilifungua skrubu za bawaba kutoka ndani, nikausukuma mlango hadi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, Baba akaupokea na kuulaza juu ya madebe mawili uani. Akaziba tundu la zamani kwa kipande cha mbao, akalilainisha kwa randa mpaka ukipitisha mkono huhisi kitu, akatoboa jipya chini. Lakini na fremu nayo ilitaka tundu jipya la kupokea ulimi, na fremu haitoki nje. Ikabidi nilichimbe mimi, kwa patasi, yeye akiwa amesimama nje ya ukuta ananielekeza bila kuona.

"Umeshika patasi vipi?"

"Hivi."

"Hivi vipi? Mimi nakuona?"

Ilibidi niseme. Nilisema upande mpana uko juu, akasema geuza. Nilisema mbao inachanika, akasema unapiga kwa hasira, piga kama unagonga mlango wa mwalimu mkuu. Bibi alikuwa amekaa kitandani ananiangalia, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mwambie baba yako mtoto huyu mlango wa mwalimu mkuu hajawahi kuugonga." Nikamwambia hivyohivyo, na kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia nyundo inasita. Baba akicheka hatoi sauti, anaacha tu kazi kidogo.

Mlango ukarudi. Ukajifunga vizuri, tki, bila kusukumwa na goti. Bibi akaubonyeza kwa kiwiko, ukafunguka. Akaufunga, akaufungua. Hakusema kitu, aligusa ile mbao iliyozibwa kama anayegusa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Mlango wa mbele ulikuwa rahisi. Baba aliufanya akiwa amesimama kibarazani, mimi ndani nikikaza skrubu. Kwa ajili ya usiku aliongeza komeo la chuma upande wa ndani, akalivalisha kishikio alichokichonga mwenyewe kwa mzeituni wa porini, kirefu, unakisukuma kwa kiganja. Kisha akaung'oa mlango wa jikoni, wa mwisho, akauegemeza kwenye ghala ili asafishe kutu ya bawaba zake. Sasa Bibi hakuwa na jikoni la kuingia, akabaki ndani ya nyumba kubwa.

"Mwambie ajaribu wa mbele," Baba alisema. "Atoke, arudi. Mimi nakaa huku nyuma."

Bibi alitoka na bakuli la pumba za kuku kama kawaida yake, mimi nyuma yake. Alitembea hadi katikati ya ua. Upepo ukaja, ule wa mchana unaobeba vumbi la shamba zima, ukaupiga mlango. Tki.

Nikarudi nikabonyeza. Mkono ukashuka, mlango ukakaa palepale. Nikabonyeza tena. Ufunguo ulikuwa mezani ndani, niliuona kupitia dirisha la sebule, umelala juu ya kitambaa. Na hilo dirisha Mjomba aliliwekea nondo mwaka ule wa wezi wa mbuzi.

"Baba," niliita, "umejifunga."

Alitoka nyuma ya ghala bila kufikiri, kama fundi yeyote angefanya, akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake katikati ya ua. Sijawahi kuona watu wazima wakigeuka haraka namna ile. Bibi akavuta kanga mpaka kidevuni na kukimbilia jikoni, jikoni hakuna mlango. Baba akarudi nyuma hatua moja, akauona mlango wa jikoni umeegemea, akapita nyuma yake na kuusimamisha wima kwa mikono miwili. Zikaonekana buti zake tu.

Basi tukakaa hivyo. Bibi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenipa mgongo. Baba amesimama nyuma ya mlango usio na nyumba. Na mimi katikati.

"Mwambie bibi yako," ulisema mlango, "hilo ni kosa langu. Vitasa vya loji vinajifunga vyenyewe. Mgeni akitoka akasahau, mlango unamfungia. Sikulikumbuka."

Nilimwambia.

"Wageni hao hawana jirani?" Bibi aliuliza.

Hilo sikujua nimwambie nani. Huku mchana hakuna mlango unaofungwa. Jirani anaingia, anachukua moto au chumvi, anatoka. Baba analijua hilo, lakini amefanya kazi kule juu miaka mingi, na kule mlango usiojifunga ndio mbovu.

Bibi aliwamwagia kuku pumba kidogo. Kuku walikuwa wanamzunguka, bakuli bado analo mapajani. Kisha akasema polepole, si kwa sauti ya kutumwa, kwa hiyo nilijua ni yangu tu. "Juzi nimefungiwa ndani, leo nimefungiwa nje. Labda mjomba wako anasema kweli."

Hilo sikulipeleka kwa Baba. Lakini nadhani alilisikia, kwa sababu mlango aliokuwa ameushika ulitikisika kidogo.

"Dirisha la chumbani lina nondo?" aliuliza.

"Halina. Liko wazi. Baba, wewe ni mrefu, ukipanda debe moja tu unaingia."

"Kwangu mimi chumba hicho hakina dirisha," alisema. "Panda wewe."

Nikaburuta debe. Nilikuwa nimevaa sketi, Bibi akasema, "Mwambie baba yako asichungulie," na Baba akasema, "Mwambie nina mlango mzima usoni." Nikapanda, nikajipenyeza, nikaanguka ndani vibaya, mguu ukagonga kitu kigumu kilichofunikwa na kanga chini ya dirisha. Asubuhi yote nilipokuwa nachimba fremu nilifikiri ni kigoda. Kanga ikateleza. Lilikuwa begi la Bibi, lile la safari, limejaa na kufungwa. Juu yake koti la Babu limekunjwa.

Kumbe alikuwa ameshajifungia mizigo. Amenichekea kitandani, ametania gauni, amesimama akachorwa kwa mkaa, na begi liko tayari pembeni. Hakumwambia mtu. Nilirudisha kanga kama ilivyokuwa, nikaenda kufungua mlango wa mbele. Kutoka ndani ulifunguka kwa kidole kimoja.

Bibi aliingia ndani, nikawa huru kumwambia Baba. Sikumwambia habari ya begi yote. Nilisema tu, "Baba, lazima kesho kifunguke." Alinitazama, akaona nilichokiona, au nusu yake. Alivitoa vitasa viwili, cha mbele na cha chumbani, akavifungua juu ya gunia mpaka utumbo wa ndani. Springi, mikono, vyuma vidogovidogo vyenye mafuta meusi. Upepo ulikuwa mkali akaviwekea ubavu wake kuvikinga. Alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena, mpaka akakipata kijichuma kisichozidi punje ya mhindi, kinachodondoka mahali pake na kuuzuia mkono wa nje. Akakitoa kwa koleo. Akajaribu. Mkono wa nje sasa ukawa unatii kama wa ndani. Akafanya na kile cha pili, akachukua tupa akalainisha kila ncha ambayo ingeweza kumkwaruza mtu, kisha akaviunga vyote bila kubakiza skrubu hata moja. Niliviangalia vidole vyake vinene, vyeusi kwa grisi, vikirudisha springi ndogo mahali pake taratibu, nikawaza kwamba huyu ni mtu ambaye nyumbani hasemi neno kutwa nzima, na mimi nilikuwa nadhani kunyamaza kwetu kunatoka mahali pabaya.

Kile kijichuma alinipa. "Mpelekee bibi yako. Mwambie kilichomfungia nje ni hiki."

Bibi alikiweka kwenye kiganja akakitazama. "Kidogo hivi," alisema. Akakitupa kwenye majivu.

Jumapili Mjomba alikuja baada ya kanisa, na gari, na mkate wa siagi ambao mkewe alimtumia Bibi, Bibi akaupeleka chumbani pamoja na sahani na kisu. Mjomba si mtu mbaya, naomba nieleweke. Anampenda mama yake na anaogopa. Alimkuta Baba, ambaye usiku alilala kwa jirani, kwenye kigoda chake kando ya ghala.

"Shemeji, bado unajificha tu?"

"Sijifichi, nimekaa kivulini."

"Jua lenyewe hakuna."

"Ndiyo maana kivuli ni kingi."

Wakacheka, wakashikana mikono, lakini Mjomba alikuwa anaangalia milango. Aliingia ndani, akabonyeza wa mbele, akaufungua akaufunga. Akasukuma komeo. Akaenda jikoni, ambako Baba alikuwa ameurudisha mlango jioni ile, akaujaribu na huo. "Kazi nzuri," alisema, na sauti yake haikuwa ya kukata tamaa wala ya kufurahi. "Sasa Mama. Ingia chumbani, funga, halafu utoke. Mimi nitasimama hapa. Sitakusaidia."

Bibi alikuwa amevaa nguo zake za kanisani. Alimtazama mwanawe kutoka viatuni mpaka kichwani, akaingia chumbani, akaufunga mlango. Tki.

Tukasubiri.

Mjomba alisimama kwa adabu, mikono nyuma. Mkono wa kitasa haukushuka. Nilikuwa nautazama kama natazama sufuria ya maziwa. Haukushuka. Nje, Baba alikuwa ameacha kigoda, nilimwona kupitia mlango wa mbele amesimama kando ya ghala, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Mjomba akaanza kuhema kwa nguvu. "Mama?" Hakuna jibu. Nikalifikiria begi. Nikafikiri labda amekaa juu yake, amechoka, ameamua asibonyeze, aende tu.

"Mama, basi," Mjomba alisema kwa upole, akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Dasi," Bibi aliita kutoka ndani.

"Abee."

"Mwambie mjomba wako, chumba cha mama yake hakiingiwi bila hodi."

Mjomba yuko palepale, pua karibu iguse mlango. "Mjomba, Bibi anasema upige hodi."

Mkono wake ulibaki hewani. Halafu huyu mtu mzima mwenye gari na kitambi, akaurudisha mkono akakunja ngumi, akagonga kidogo. "Hodi."

"Nani?"

"Mimi, Mama. Mwanao."

"Karibu," alisema Bibi, na mkono wa kitasa ukashuka, mlango ukafunguka mpaka mwisho. Alikuwa amesimama kizingitini, kiwiko juu ya kitasa, na mikono yote miwili imeshika sahani ya mkate wa siagi aliokuwa ameukata vipande chumbani mle mle. Ndicho kilichomchelewesha. Kwa vidole vile, kukata mkate ni kazi ndefu.

Mjomba alichukua kipande. Alitafuna huku anatazama kitasa kilivyokaa chini, sawa kabisa na kiwiko cha mama yake. "Hivi hapa hakikuwa juu?" aliuliza.

"Kilikuwa juu kwa baba yako," Bibi alisema. "Sasa kiko kwangu."

Mjomba hakuzungumza tena habari ya kuondoka naye. Alikaa, akanywa chai, akalalamikia barabara, akamwachia Bibi simu yenye vitufe vikubwa na kumwonyesha mara kadhaa jinsi ya kumpigia. Alipoondoka aliondoka peke yake, na mfuko wa maharage kwenye kiti ambacho nadhani alikuwa amekiandaa kwa Bibi. Vumbi la gari lilipotulia, Bibi aliniambia nikaliweke begi juu ya kabati. "Koti la babu yako ulitundike," alisema. Hakuuliza kama nimelishangaa. Nilipolinyanyua, niliuhisi uzito wake wote.

Nilimpelekea Baba chai na kipande cha mkate kando ya ghala. Alikuwa anafunga vifaa vyake kwenye pikipiki.

"Bibi anasema nini?" aliuliza.

Bibi hakuwa ameniambia kitu nimwambie. Nikasema ukweli, kwamba hajasema kitu. Na papo hapo kutoka ndani ya nyumba ikasikika: tki. Kimya kidogo. Tki. Mlango wa chumbani unafungwa, unafunguliwa. Halafu wa mbele, huo una sauti nzito zaidi. Halafu wa chumbani tena, na tena, haraka haraka, kama mtu anayejaribu baiskeli mpya mtaani.

Baba alisikiliza kikombe kikiwa mdomoni. Uso wake haukubadilika, lakini hakunywa.

"Mwambie asiufanyie mchezo," alisema mwishowe, kwa sauti yake ya kawaida ambayo si kubwa. "Springi itachoka."

Nikageuka kuelekea nyumba, nikavuta pumzi ili niseme kwa nguvu, kama Bibi anavyotaka, mpaka kuku wasikie. Sikuwahi kufungua mdomo. Milango ilikuwa imeshanyamaza. Tulikaa tukiitazama nyumba, Baba na mimi, na upepo ukipita, na baada ya muda, mara moja tu, taratibu sana, ikasikika tena: tki.